Asilimia Sitini na Moja

Miaka ishirini na sita baba yangu, Ahti Korvenoja,
alisimamia mashine ya karatasi, nambari tatu.
Ukisahau kidole, alipenda kusema,
hujamaliza kusema "aa", kidole kimeshafika Ujerumani.
Kisha kiwanda kikafungwa, siku ya Jumanne,
na kasi yote ile ikabaki mikononi mwake
haina pa kwenda.

Ndipo akanunua bodi mama iliyotumika
kwa kijana mmoja wa Rovaniemi: yuro thelathini
na jozi ya soksi za sufu alizofuma shangazi.
Prosesa ilikuwa imefungwa. Si kuharibika, kufungwa.
"Walioiunda wanajua inaweza kukimbia," akaniambia.
"Wakaitia kamba mguuni,
wakatuuzia na kamba."

Majuma matatu alisoma, miwani mbili, moja juu ya nyingine.
Akaipasua ile programu dhibiti kama mtu apasuavyo samaki:
FF, FF, FF, FF,
theluji isiyokanyagwa, ukurasa baada ya ukurasa,
halafu ghafla nyayo: 3C, A0, 0F.
"Hapa," akasema. "Hapa ndipo walipopiga fundo."
Sifuri moja akaifanya moja.
Mkono ulimtetemeka kuliko siku aliyotia saini talaka.

Nje, nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri.
Akaufungua mlango wa roshani, baridi ikaingia bila kubisha.
"Wengine hununua naitrojeni. Sisi tuna Januari."

*Usizime umeme*, skrini ikaonya,
na mstari wa kijani ukaanza kutambaa.
Kumi na mbili.
Thelathini.
Arobaini na nne, ikakaa hapo muda wa kunywa kahawa.
Sitini na moja,
na huko chini Pirkko Saarela akawasha jiko la sauna yake.
Taa za jengo zikapepesa mara moja.
Mara moja ilitosha.

Bodi iliyokufa haitoi harufu. Hilo ndilo linaloudhi.
Mashine ya karatasi ikifa hulia, humwaga maji,
wanaume hukimbia wakiitana majina.
Hii ilikaa tu, feni zikizunguka,
nusu mpya, nusu ya zamani,
haikumbuki tena neno la kwanza la asubuhi.

Nikaanza: "Haraka haraka..."
Baba akanitazama.
Nikaimeza methali na mwiba wake.

Hakulala. Chipu yenyewe ni kama punje ya dengu, ina miguu minane.
Akaibana kwa kibanio, waya zikaja hadi kompyuta yangu ya shule.
Kibanio kikateleza. Kikateleza tena.
Mara ya tano akakishikilia kwa vidole,
dakika tisa, pua ikimwasha asijikune,
akiirudishia punje ile maneno yake, herufi kwa herufi,
na lile fundo likiwa limefunguliwa.

Saa kumi alfajiri:
bip.
Moja, fupi.

Gigahezi nne nukta nane. Akaongeza volti, chembe kwa chembe,
kama anayetia chumvi kwenye chungu cha mwenzake.
Tano nukta moja!
Ikakimbia dakika kumi na moja, theluji ikiingia hadi zuliani,
kisha skrini ya buluu, kisha kicheko cha baba,
kicheko ambacho nilidhani kilifungwa pamoja na kiwanda.

"Na sasa," nikamuuliza, "kasi yote hii utaifanyia nini?"
Akafikiri kwa dhati.
"Nitasoma barua pepe."

Alipoiwasha upya, bodi ilikuwa imesahau saa.
Ilidhani ni Januari mosi, miaka tisa nyuma,
mwaka ambao mashine nambari tatu ilikuwa ingali inazunguka.
Kishale kikapepesa juu ya mwaka, kikingoja kusahihishwa.
Baba akaweka kidole kwenye kitufe,
akakiacha hapo,
akakiondoa,
akaenda kwanza kufunga mlango wa roshani.